Siku Niliyomwamkia Mkwe na Tufe Shingoni

Aibu nyingine zina adabu. Humkuta mtu chumbani kwake, mlango umefungwa, akajikung'uta na kutoka nje kama vile hakuna kitu. Yangu haikuwa na adabu hiyo. Ilinikuta Katonga, mwalo wetu wa Kigoma wanakoshusha samaki, alasiri, juu ya sakafu ya kupimia samaki, soko zima limenizunguka na bingwa wa Olimpiki amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa ananitazama mimi. Kwa hiyo mkiniona siku hizi nakatiza pale mwaloni, na mtu mzima mwenye ndevu zake ananipigia makofi mawili laini, anajishika shingo, halafu anageuka kutazama maji kwa huzuni ya kujitia, msifikiri ananiheshimu.

Mimi nauza dagaa. Jina langu la nyumbani ni Saidi, lakini Katonga wananiita Mara Mbili kwa sababu kila kitu nakihesabu mara mbili, magunia, chenji, ngazi za benki, hata vipande vya nyama kwenye pilau ya watu (sili mpaka nijue tumegawiwa vipi). Na sinunui kitu kwa bei ya kwanza. Daktari akiniambia nimeze vidonge vitatu, ulimi wenyewe unasema viwili. Sasa mtu wa namna hiyo hana nafasi ya ndoto kichwani, mtasema, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyojijua, mpaka alipokuja Konsolata.

Konsolata ndiye yule mwanamke aliyechukua dhahabu ya Olimpiki kwa kurusha tufe. Fulana aliyovaa ilikuwa ya nchi moja ya baridi huko mbali, sawa, hatugombani, lakini mikono ile ilikomaa hapa hapa, Simbo, kwenye michikichi. Aliletwa mdogo, mgongoni kwa bibi yake, wakikimbia vita ng'ambo ya mpaka. Bibi akafariki, na mama mmoja wa Simbo, Bi Tausi, mjane mwenye shamba la michikichi na maneno machache, akamchukua akamlea na binti yake wa kumzaa. Kazi yao ilikuwa kupakia mikungu ya chikichi kwenye lori. Mkungu wa chikichi una miiba, huukumbatii kama mtoto. Unauegemeza begani, karibu kabisa na shingo, juu ya kitambaa, halafu unausukuma kwenda juu kwa aliyesimama kwenye bodi ya lori. Bi Tausi alikuwa akimwambia, "Usiutupe kwa mkono, Konso. Usukume kwa mguu, mkono uje baadaye." Kumbe pale pale, bila filimbi wala bukta, mama wa watu alikuwa kocha.

Baadaye mjomba wake akapatikana, akamchukua, wakapelekwa huko kwenye baridi. Mashindano yake ya kwanza shuleni alipeperushiwa bendera nyekundu kila aliporusha, kwa sababu akishasukuma anatoka nje ya duara na kulifuata tufe kwa miguu. (Si amezoea kulifuata lori.) Akafundishwa kusimama. Akachanika msuli wa kidole, akapona. Akaenda Olimpiki mara ya kwanza akatolewa mapema, televisheni ikamwonesha mgongo tu akiondoka. Akaenda mara ya pili, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyoniharibu mimi.

Tulikuwa Katonga tunatazama kwenye simu yangu, vichwa vimesongamana kama dagaa ndooni. Konso yuko wa nne, amebakiwa na mrusho wa mwisho. Akaingia kwenye duara, akaliweka tufe chini ya taya, akainama, akazunguka, akasukuma, tufe likaondoka mkononi likapanda, na mtandao ukakatika. Simu ikaganda. Tufe liko hewani, jeusi, dogo, juu ya watu wote wa dunia, halipandi wala halishuki. Wenzangu wakaanza kuitukana kampuni ya simu. Mimi nikainua macho ziwani. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta, milima ya Kongo ng'ambo imekaa rangi ya moshi, na nawaambia kweli, niliona kile kitu kimening'inia pale juu ya ziwa, kimya, kinasubiri mtu akiruhusu kushuka. Sijui kilikaa muda gani. Mimi ninayehesabu kila kitu, huo muda sikuuhesabu.

Mtandao uliporudi Konso alikuwa amepiga magoti analia na ni bingwa.

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa. Alasiri, dagaa wakishakauka kwenye chanja na wavuvi wamelala wakisubiri kuingia ziwani jioni, mwaloni panakuwa na utulivu fulani wa kama watu wote wanaota ndoto moja, na katika utulivu huo mimi nilikuwa napanda kwenye ile sakafu ya zege ya kupimia samaki, nachora duara kwa mkaa, nachukua jiwe la kutilia nanga mtumbwi, najipaka unga wa muhogo mikononi na shingoni (Konso hupaka chaki, mimi nilikuwa nachota unga wa Mama Neema, jirani yangu wa kibanda), na naigiza mrusho wa mwisho. Natangaza mwenyewe, narusha mwenyewe, nalia mwenyewe. Jiwe linaangukia mchangani, watu wanashangilia, mtumbwi wa mtu, usio na nanga, unaelea zake. Nikawa najua maisha ya yule dada kuliko ninavyojua ya ndugu zangu.

Halafu nikampenda Zuhura.

Zuhura ni fundi cherehani pale Mwanga, hapa hapa mjini, nilimpelekea suruali apunguze kiuno, tukabishana bei mpaka yeye akafunga duka akiniacha ndani, na hapo nikajua huyu ndiye. Nilikuwa nimeshapenda kabisa, nasisitiza, kabisa, ndipo nikagundua kwamba Bi Tausi wa Simbo ni mama yake. Yaani yule binti wa kuzaliwa, dada wa Konsolata wa kulelewa pamoja. Mnaona ubaya wake? Hakuna mtu aliyeniamini. Zuhura mwenyewe aliweka mkasi chini akanitazama.

"Saidi, niambie kitu kimoja. Unanioa mimi, au unaoa tufe la dada yangu?"

"Wewe."

"Mbona umefikiri?"

"Sikufikiri, nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu nini sasa, na jibu ni moja?"

Nikamtuma mshenga, Mzee Rajabu, muuza nyavu, mtu wa kukohoa kabla ya kila sentensi. Akaenda Simbo akarudi na jibu ambalo halikuwa jibu. Bi Tausi amesema amesikia habari zangu, amesikia nacheza ngoma ya tufe sokoni, na hataki kujua nina magunia mangapi. Anataka kujua kitu kimoja tu, kama naitafuta familia yake au naitafuta dhahabu. Na hilo, amesema, hawezi kuliuliza kwa mdomo, kwa sababu kwa mdomo mimi ni mfanyabiashara. Atakuja mwenyewe, siku asiyoisema, anitazame nikiwa sijui kwamba natazamwa.

"Sasa nifanyeje, mzee?" nikauliza.

Akakohoa. "Ishi vizuri."

"Mpaka lini?"

"Hapo ndipo sikupatana naye."

Nikaishi vizuri. Nilimsalimia kila mwanamke mtu mzima aliyekatiza Katonga. Nilibebea watu mizigo. Nilipunguza bei bila kuombwa, mpaka jirani zangu wakauliza kama naumwa. Na tufe niliacha, jamani, niliacha kabisa, jiwe la watu nikalirudisha mtumbwini. Kama ningeendelea hivyo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Ikafika ile alasiri. Nimekaa kibandani nakung'uta chekeche, naona watu wanakimbia kuelekea barabarani, wanarudi wakitembea kinyumenyume kama wanaovutwa, na katikati yao mwanamke mrefu, mabega mapana, kanga ya Kigoma kiunoni, begi zito mkononi amelishika kama limejaa pamba. Konsolata. Amekuja kumsalimia mama aliyemlea, na amepita Katonga kununua migebuka, samaki wa ziwa letu, ya kumpelekea. Alivyokuwa akitembea kwenye ule mwanga wa alasiri, na maji yakimeta nyuma yake, mimi niliona kama vile ile simu imeganda tena.

"Mara Mbili!" vijana wakapiga kelele. "Oya, Mara Mbili, mwenyewe huyu hapa! Muoneshe!"

Nikasema hapana. Hilo naomba liandikwe mahali. Nilisema hapana, nikalisema mara mbili.

Konso akacheka, akafungua begi. Alikuwa na matufe mawili. Moja la mpira, jekundu, laini, alilokuwa akiwachezesha nalo wanafunzi huko alikotoka. Akanirushia lile jekundu. "Haya kaka, nasikia watu wanasema unanijua kuliko mimi."

Sasa hapa ndipo, ndugu zangu, hapa. Ningechukua lile la mpira, nikacheza kidogo, nikarudi kwenye chekeche langu, nisingekuwa na mkasa. Lakini nilishalitia machoni lile jingine ndani ya begi, jeusi, limechubuka, na mdomo wa mfanyabiashara ukajifungua wenyewe.

"Na lile?"

"Lile si la kuchezea. Ndilo lenyewe. La fainali, lililonipa dhahabu."

"Nipe hilo."

"Hapana kaka, hili nimemletea mama. Ni zawadi yake, sijampa bado."

"Basi nilishike tu."

"Kulishika tu?"

"Kulishika, na kuzunguka nalo. Kusukuma hapana. Mguu wangu hautoki kwenye duara, na mkono hautoki shingoni."

Nilimbembeleza kama nabembeleza gunia la mwisho sokoni, nikapanda, nikashuka, nikajifanya naondoka, nikarudi. Bingwa wa Olimpiki, aliyewashinda wanawake wa dunia nzima, hakujua kupatana bei. Akanipa. Lilikuwa la baridi. Nililipima kwa mkono wa kulia, nikalipima kwa wa kushoto, kilo nne kamili, mkono wa dagaa haudanganyiki. Nikamwomba Mama Neema unga. Akanimwagia viganjani akisema, "Paka sana, leo ni wa bure." Nikapaka mikono, shingo, taya, kidogo na kwenye sikio. Konso akakaa juu ya ndoo ya mtu. Watu wakafanya duara.

Nikaingia kwenye lile duara la mkaa, lililokuwa limefutika nusu, nikaanza kusimulia. Sijawahi kusimulia vile. Nilianza na lori la Simbo na mikungu, nikasema na ile bendera nyekundu, nikasema na kidole kilichochanika, na mgongo ule kwenye televisheni, na nilipomtazama Konso nikaona amelaza shavu mkononi, hacheki tena, anasikiliza maisha yake kama ya mtu mwingine. Ziwa lilikuwa limenyamaza. Kuku wa mwaloni walikuwa wamenyamaza. Nikaweka dhahabu chini ya taya, nikainua kiwiko, nikageuza mgongo, nikainama, nikaanza kuzunguka taratibu, na kila kitu kikaanza kunizunguka taratibu, chanja za dagaa zikipita kama fedha iliyotandazwa, halafu mitumbwi, halafu maji, halafu milima ya Kongo, halafu akina mama wa migebuka, halafu mwanamke mmoja nyuma yao aliyejifunika kitenge mpaka kwenye paji la uso, na chini ya kitenge hicho, macho.

Picha yake nilishaoneshwa na Zuhura. Bi Tausi.

Sasa kwa mgeni inabidi nieleze, ingawa watu wa huku hawahitaji. Kwa Waha salamu si neno la kurusha ukipita. Mkwe ukikutana naye unachuchumaa, unatazama chini, unapiga makofi polepole, viganja vyote viwili, na unajibu mpaka yeye amalize, na yeye naye hakukodolei macho, anatazama pembeni. Hakuna kuchagua. Ni kama kufumba macho mchanga ukirushwa. Bi Tausi alikuwa amekuja kujificha, hakukusudia kunisalimia. Lakini nyuso zilishakutana, na mama wa Kiha uso ukishakutana na uso hawezi kunyamaza, hata kama amekuja kupeleleza. Akapiga makofi mawili, laini, akaniamkia kwa Kiha.

"Mwidiwe."

Na mimi nikapiga makofi.

Mmeelewa? Kwa viganja vyote viwili.

Unga ukapaa wingu jeupe mbele ya uso wangu, na ndani ya wingu hilo nikasikia kitu kinasema "ko!" kwenye zege, kimepita kwenye ncha ya ndala yangu, ndala ikapasuka, kidole kikasalimika kwa kiasi cha ukucha. Nilishachuchumaa. Macho chini, kama inavyotakiwa. Na kwa sababu macho yalikuwa chini, ndimi niliyekuwa na nafasi nzuri kuliko watu wote sokoni ya kuliona tufe la dhahabu likianza kutembea.

Ile sakafu imejengwa na mteremko, maji ya samaki yapate kwenda ziwani.

"Nyumbani hawajambo?" akauliza Bi Tausi, akitazama pembeni.

"Hawajambo, mama." Makofi. Unga. Tufe lilikuwa linakwenda polepole, kwa heshima zake, kama mtu anayetoka msikitini.

"Na wazee?"

"Wapo, mama, wanawasalimu." Likapita chini ya meza ya migebuka. Paka akalipisha.

"Na kazi?"

"Tunamshukuru Mungu." Likagonga beseni la Mama Neema, likasita. Moyo wangu nao ukasita. Nikaanza kupatana na Mungu kimoyomoyo, nikatoa kwanza kuacha ubishi, nikaongeza kuacha kupunja, nikapanda mpaka kumpa Mzee Rajabu jogoo, na nilipofika kwenye jogoo likaachana na beseni likaendelea.

"Na huko ziwani mnapata?"

"Tunapata, mama," nikasema, na sauti ilikuwa imeanza kuwa ya mtoto. Likapanda kwenye ubao wa kupakilia mizigo, ule mrefu uliolala mpaka juu ya maji ya kina, pale inapofunga boti ya mizigo. Likapita katikati ya ubao, sawasawa, kama limechorewa mstari.

"Basi, amani."

"Amani, mama."

Chubwi.

Nilikuwa huru kuinuka sasa.

Watu wakashangilia! Walifikiri ndivyo ilivyopangwa, walipiga makofi Katonga nzima, wengine wanapiga ya kushangilia na wazee wanapiga ya kumwamkia Bi Tausi, mpaka walipomwona Konso amesimama juu ya ndoo, mikono kichwani. Hapo soko likanyamaza. Unga ulikuwa unashuka bado, taratibu, unanitua mabegani.

"Limekwenda," alisema Konso.

Wavuvi wakajitosa. Kijana mmoja akaibuka na buti, mwingine na nanga iliyopotea zamani, mwenye nanga akafurahi mno (angalau mtu mmoja). Tufe hakuna. Ziwa Tanganyika halina tabia ya ufukwe; unaingia hatua mbili tatu maji yako magotini, hatua inayofuata hakuna chini. Mimi nilisimama ukingoni, kwa sababu kuogelea sijui, mimi ni mtu wa mizani, jasho limegeuza unga kuwa uji shingoni, uji unaanza kukauka. Nikamgeukia bingwa.

"Dada, nisamehe. Sijui nikulipe nini. Sijui hata nianzie bei gani."

Halafu mabega yale yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka akakaa tena kwenye ndoo. "Kaka, nimelisukuma miaka yote hiyo. Halijawahi kwenda mbali hivi."

Nikamtafuta Bi Tausi. Pale aliposimama palikuwa na upepo tu na mama mmoja anapanga migebuka. Ameondoka.

Wiki iliyofuata sitaki kuikumbuka ingawa wenzangu wananisaidia kuikumbuka. Kulikuwa na simu, ndiyo, kila mahali siku hizi kuna simu. Nikajiona mwenyewe nimechuchumaa ndani ya moshi mweupe, napiga makofi kwa adabu zote, na nyuma yangu kitu cheusi kidogo kinaondoka zake. Picha ile ilifika Kasulu kabla sijabadili suruali. Kalinzi waliiweka kwenye kundi la wauza kahawa. Dereva wa bodaboda alikataa nauli yangu ili tu amsimulie mkewe kwamba alinibeba. Zuhura nilimpigia, akapokea, nikasikia cherehani inakwenda.

"Zuhura."

"Nakusikia."

"Mama amesema nini?"

"Mama hajasema." Cherehani ikasimama. "Ila Saidi, uliliachia vipi? Nimeitazama ile picha. Hukujikwaa. Uliliachia tu."

"Si alinisalimia?"

Cherehani ikaendelea. Nikahesabu kwamba mambo yamekwisha. Nikahesabu tena, yakatoka vile vile.

Mzee Rajabu alirudi kutoka Simbo siku ya Ijumaa baada ya sala. Alikaa, akaomba maji, akanywa, akakohoa. Nikawa tayari kumpiga mzee wa watu.

"Bi Tausi anauliza," alianza, "lile tufe lilikuwa zawadi ya nani."

"Yake, mzee."

"Ulijua ni la dhahabu?"

"Nilijua kuliko mtu yeyote Tanzania hii."

"Lilikuwa wapi?"

"Hapa. Shingoni."

"Basi anasema hivi." Akakohoa tena, safari hii nafikiri ilikuwa makusudi. "Anasema alikuja kutazama kama unaitafuta familia au unaitafuta dhahabu. Akakukuta umeibana dhahabu shingoni. Akakusalimia, kwa bahati mbaya, anasema alijisahau, umri. Na wewe hukuiweka hata chini kwanza. Uliiachia hewani ukamjibu, na ukamjibu mpaka mwisho." Akaipapasa kofia yake. "Anasema kulipa mahari ni lini?"

Nilitoka nje nikasimama nikatazama ziwa. Na nawaambia, mara ya kwanza katika maisha yangu, kwenye mahari ya watu, nilikubali kilichotajwa mara ya kwanza. Mzee Rajabu hajanisamehe mpaka leo, alikuwa ameandaa kikohozi kirefu.

Konso alikuwepo harusini. Akamwomba mama yake radhi kwa ile zawadi, na Bi Tausi, ambaye hana maneno mengi, akasema, "Acha likae huko. Mimi ningelipasulia chikichi tu, na nyundo ninayo."

Huwa naliota, mjue. Si ndoto mbaya. Naliona liko ndani ya maji, linashuka bado, polepole sana, limepita mwanga wa taa za wavuvi, limepita samaki wasioujua mwanga, halina haraka, halifiki. Kama vile siku ile ya simu lilivyokataa kushuka, sasa limekataa kutua. Na ninapoamka sijui nimelala muda gani.

Lakini nimeapa. Kuigiza nimeacha, unga wa Mama Neema nanunua wa kula tu, na mkwe wangu akiwa Kigoma mjini sishiki kitu. Nikinywa chai, kikombe kiko mezani. Nikiendesha baiskeli Simbo, nikikaribia kwao nashuka naikokota kwa mkono mmoja, tayari kuiangusha.

Kiapo hicho nimekishika vizuri, ila kuna mwezi uliopita. Zuhura amejifungua, amerudi nyumbani, mimi nimekaa sebuleni nimepewa mtoto kwa mara ya kwanza, mwepesi kuliko tufe, nilimpima mkono wa kulia, nikampima wa kushoto, nikawa nimezama kwenye uso ule mdogo, sisikii kitu, sijui saa, ndipo mlango ukafunguliwa na Bi Tausi akaingia kutoka Simbo na kitenge chake, akaniona, na mama wa Kiha ni mama wa Kiha, akainua viganja akapiga makofi mawili, laini.

"Mwidiwe."

"MTOTO!" Nyumba nzima ilipiga ukelele, Zuhura kutoka kitandani, shangazi kutoka jikoni, hata jirani dirishani. "Saidi, mtoto!"

Magoti yangu yalishaanza kukunjika. Vidole vinataka kufunguka vyenyewe, nimeuma meno, jasho linanitoka kwa adabu inayonivuta huku na mwanangu anayenivuta huku, na macho yangu yako chini kama inavyotakiwa. Nikaona miguu ya Bi Tausi inanijia. Ikasimama mbele yangu. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mama yule, akaniwekea mkono begani.

"Leo usinijibu, baba," alisema. "Shika tu."